Kabla Hujanunua Pedi ya Waya

Tarehe 21 Desemba 2023, mvulana wa miaka 13 wa jimbo la Oklahoma, Marekani, alicheza Tetris ya mashine ya Nintendo kwa dakika kama 38, akafika hatua ya 157, na mashine ikaganda. Gemu hiyo ilitoka mwaka 1989. Kwa zaidi ya miaka 30 hakuna binadamu aliyekuwa ameicheza mpaka ikazidiwa. Habari zilizovuma zilihusu umri wake. Mimi nilivutiwa zaidi na mikono yake.

Ukikibana kitufe cha pembeni katika Tetris hiyo, tofali husogea mara moja, husubiri fremu 16, kisha huendelea kusogea kila baada ya fremu 6. Kwa kuwa runinga za Marekani huonyesha fremu 60 kwa sekunde, hizo ni hatua 10 kwa sekunde. Kuanzia hatua ya 29 ya gemu, tofali huanguka mstari mmoja kwa kila fremu, na uwanja una mistari 20 tu. Maana yake una theluthi moja ya sekunde kulifikisha ukutani. Kwa kubana haiwezekani, na kwa miaka mingi wachezaji waliamini hapo ndipo mwisho wa dunia. Halafu wakabuni mtindo mpya: dole gumba linakaa juu ya msalaba wa kuelekeza ulio kwenye pedi ya kuchezea bila kuubonyeza, na vidole vya mkono mwingine vinapiga mgongo wa pedi kwa mfululizo. Kila kidole kinaisukuma pedi yenyewe ikutane na dole gumba. Kwa mtindo huo mabonyezo hupita 20 kwa sekunde.

Kuna kikomo, hata hivyo. Mashine ya Nintendo huiuliza pedi hali yake mara moja kwa kila fremu. Ili bonyezo lihesabiwe, sharti mashine ikikute kitufe kimebonyezwa, kisha ikikute kimeachiwa. Hata ungekuwa na vidole vya mtambo wa kiwandani, mabonyezo 30 kwa sekunde hutayavuka.

Mvulana yule alikuwa anategemea vitu viwili: mpira ulio chini ya msalaba, unaoshuka na kurudi kwa wepesi unaotabirika, na chipu inayojibu papo hapo inapoulizwa. Anayetaka kununua pedi ya waya ya mtindo wa zamani anapaswa kuvitafuta hivyohivyo viwili, na kwa bahati mbaya ndivyo visivyoonekana kwenye picha ya dukani. Rangi ya kijivu, vitufe vyekundu, umbo la mfupa, hata waya wenyewe, vyote vinaigwa kwa bei ndogo.

Fungua pedi ya Nintendo ya mwaka 1985 utashangaa jinsi ilivyo tupu. Kuna bodi moja ndogo, kipande cha mpira, na chipu moja inayoitwa 4021. Chipu hiyo haina programu ndani yake. Ina njia nane za kupokea, moja kwa kila kitufe: A, B, Select, Start, juu, chini, kushoto, kulia. Mashine hutuma ishara ya kwanza, na chipu inanasa hali ya vitufe vyote vinane kwa mkupuo. Kisha mashine hutuma mipigo, na kwa kila mpigo chipu hutoa jibu la kitufe kimoja kwenye waya uleule wa data. Ni kama mwalimu anayeita majina asubuhi: hakuna mwanafunzi anayejibu kabla ya zamu yake, na orodha haibadiliki. Kwa mpango huo nyaya tano zinatosha: umeme, ardhi, ishara ya kunasa, mipigo na data. Super Nintendo, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1990 kwa jina la Super Famicom, ilikuwa na vitufe 12. Wahandisi walirefusha orodha hadi nafasi 16, wakaacha nne tupu, na nyaya zikabaki tano.

Waliokulia Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam miaka ya 1990 wanaijua teknolojia hii kwa jina la TV game. Mashine zile za bei nafuu, zenye kaseti zilizojigamba kubeba gemu 9999, zilikuwa nakala za Famicom, mashine ambayo Nintendo iliitoa Japani Julai 1983. Pedi zake zilikuwa na plagi ya pini tisa. Ukizifungua, mara nyingi hukuti chipu yenye miguu. Unakuta tone jeusi la gundi ngumu lililoifunika. Kazi iliyomo ndani ya tone hilo ni ileile ya 4021. Plastiki yake ilistahili kuchekwa, lakini kwa kasi ya kujibu pedi zile hazikuwa na sababu ya kuionea haya Nintendo.

Pedi za leo zenye sura hiyo huchomekwa kwenye USB, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapotea njia. Wamesikia kwamba waya ni wa haraka kuliko Bluetooth, basi wanachukua pedi yoyote yenye waya. Waya hauna lawama: ishara huvuka mita mbili kwa muda mfupi mno kuliko sehemu ya milioni ya sekunde. La kuuliza ni kompyuta inaihoji pedi mara ngapi.

Kwenye USB pia pedi haifungui mdomo mpaka iulizwe. Inapochomekwa huijulisha kompyuta kwamba ingependa kuulizwa kila baada ya muda gani. USB ina mwendo wa chini, megabiti 1.5 kwa sekunde, uliowekwa kwa ajili ya vifaa kama kibodi na mausi, na mwendo kamili wa megabiti 12. Kifaa cha mwendo wa chini, kwa kanuni, hakiruhusiwi kuomba muda mfupi kuliko milisekunde 10. Kwa vitendo kompyuta nyingi hukiuliza kila milisekunde 8. Cha mwendo kamili kinaweza kuulizwa kila milisekunde 1. Pedi nyingi za bei ya chini kabisa zenye umbo la Super Nintendo zimo katika kundi la kwanza.

Tupige hesabu. Fremu moja ya gemu hudumu milisekunde 16.7. Dole lako halijui ratiba ya kompyuta, kwa hiyo hubonyeza popote kati ya swali na swali, na kwa wastani bonyezo husubiri nusu ya muda huo. Pedi inayoulizwa kila milisekunde 8 huchelewesha milisekunde 4 kwa wastani. Inayoulizwa kila milisekunde 1 huchelewesha nusu milisekunde. Milisekunde 4 zinaonekana upuuzi, hasa ukikumbuka kwamba mtu huchukua kama milisekunde 200 kuitikia kitu alichokiona kwa macho. Ila gemu haijui milisekunde, inajua fremu. Bonyezo ama linaiwahi fremu yake ama linasukumwa hadi inayofuata. Gawanya 4 kwa 16.7, utaona kwamba karibu bonyezo moja kati ya manne litaangukia fremu isiyo yake. Kwa pedi ya milisekunde 1 ni kama matatu kati ya mia.

Mchezaji mzoefu haitikii tu anachokiona. Anabonyeza kwa mdundo alioukariri. Ucheleweshaji usiobadilika ataumeza baada ya siku chache, vidole vitajipanga upya. Unaobadilikabadilika hauzoeleki. Mario ataruka shimo mara tatu, mara ya nne atumbukie, na mwenye pedi atajilaumu bure kwamba amezeeka.

Namna ya kujua ipo. Kwenye kompyuta ya Linux, amri ya lsusb -v huonyesha mstari ulioandikwa bInterval, yaani muda ambao pedi imeuomba, pamoja na maelezo ya mwendo wa kifaa. Ukikuta mwendo wa chini na namba 10, umeshaelewa ulichonunua. Kwenye boksi, tafuta maneno 1000 Hz, yaani maswali 1000 kwa sekunde, na usiyaamini mpaka mtu mwingine aliyeipima pedi hiyo ayathibitishe.

Kuuliza haraka nako kuna gharama yake. Kitufe chochote kinapokutanisha sehemu mbili zinazopitisha umeme, hazitulii mara moja. Hudunda, zikigusana na kuachana mara kadhaa ndani ya milisekunde chache. Mashine ya mwaka 1985 ilikuwa inauliza polepole kiasi kwamba midundo ilikuwa imekwisha kabla ya swali lijalo, kwa hiyo pedi haikuhitaji kichujio chochote. Pedi inayoulizwa mara 1000 kwa sekunde huiona midundo yote na ingeweza kuihesabu kama mabonyezo manne au matano. Programu ndogo ya ndani ya pedi lazima iichuje. Mtengenezaji mvivu huamuru chipu isubiri milisekunde kadhaa hadi kitufe kitulie ndipo itoe taarifa, na hapo faida yote ya 1000 Hz imeliwa. Mtengenezaji makini huripoti mgusano wa kwanza papo hapo, kisha huziba masikio kwa muda mfupi. Pedi mbili zenye namba ileile kwenye boksi zinaweza kutofautiana kwa sababu hiyo peke yake.

Kuhusu Bluetooth, toleo lake la matumizi madogo ya nishati kwa miaka mingi halikuruhusu mazungumzo ya karibu zaidi ya kila milisekunde 7.5, kwa hiyo halikuwa mbali na pedi duni ya waya. Vipo pia vipokezi vidogo vya redio ya 2.4 GHz vinavyopokea taarifa kila milisekunde 1, na hivyo huipita pedi hiyo duni kwa mbali. Mimi bado ningechagua waya, kwa sababu za kawaida kabisa: haugombanii hewa na Wi-Fi ya jirani, hauhitaji kuunganishwa upya kila siku, na hauna betri ya kufa baada ya miaka mitatu na kuiacha pedi nzima kabatini.

Na kabla ya kulipa mara mbili kwa ajili ya milisekunde chache, nenda kwenye mipangilio ya runinga. Runinga bapa husafisha na kunoa picha kabla ya kuionyesha, na kazi hiyo inaweza kula makumi ya milisekunde. Ziko zenye hali ya gemu ambayo huizima. Ni bure.

Sasa tuje kwenye msalaba, ambao ndio roho ya pedi ya mtindo huu. Gunpei Yokoi wa Nintendo aliubuni kwa ajili ya gemu ya mkononi ya Donkey Kong ya mwaka 1982, mashine iliyokunjwa kama kitabu, isiyo na nafasi ya kuweka rungu la kuzungusha. Msalaba wake ni kipande kimoja cha plastiki. Chini yake katikati kuna kinundu kinachoegemea bodi, na kila mkono una kituo chake cha mgusano. Ukisukuma kulia, kushoto kunanyanyuka. Kinundu hicho kidogo ndicho kinachofanya pande mbili zinazopingana zisibonyezeke pamoja.

Kikilika, au kikiwa kifupi tangu kiwandani, unaweza kubonyeza kushoto na kulia kwa wakati mmoja, jambo ambalo watunzi wengi wa gemu za zamani hawakulitarajia na hawakuliwekea kinga. Katika Zelda II ya Nintendo, kubonyeza pande hizo mbili pamoja humfanya shujaa apate kasi ya ajabu ambayo hakuna aliyeikusudia. Baadhi ya wanaoshindana kuimaliza gemu hiyo haraka wanaipenda. Wewe unayetaka kuicheza kwa amani hutaipenda.

Tatizo la kawaida zaidi ni mshazari wa uongo: umesukuma chini, pedi imeripoti chini na kulia. Gemu nzuri ya kulipima ni Contra, ambayo wengi waliokuwa na TV game wanaijua. Ukibonyeza chini peke yake, askari analala kifudifudi. Ukibonyeza chini na kulia pamoja, anainuka na kukimbia huku bunduki ikielekea ardhini. Mlaze askari, shikilia chini, kisha lilazelaze dole gumba taratibu huku na huku bila kukusudia kugeuka. Kwenye pedi nzuri atabaki amelala hadi usukume kwa dhati. Kwenye mbovu atainuka hovyo na kupigwa risasi.

Usije ukadhani basi kwamba msalaba mgumu zaidi ndio bora. Katika Street Fighter II, kombora la mpiganaji Ryu huhitaji chini, kisha chini na kulia, kisha kulia, pamoja na kitufe cha ngumi. Mshazari hapo ni sehemu ya amri. Msalaba unaoukataa mshazari kwa ukali utakunyima kombora, na unaoukubali kwa urahisi utakuvuruga kwenye Contra na Tetris. Hakuna kinundu kinachoridhisha wote. Nintendo walikuwa na hataza ya Marekani juu ya msalaba wao hadi mwaka 2005, na kampuni nyingine zililazimika kuzunguka: Sony iliugawa ukaonekana juu kama vipande vinne vilivyotengana, Sega ikauweka juu ya sahani ya mviringo inayobingirika chini ya dole. Pedi ya Sega Saturn bado inasifiwa na wapiganaji wa skrini kwa sababu hiyo. Kwa hiyo anayecheza gemu za kuruka na kupanga matofali achague umbo la Nintendo; anayepigana achague la Sega, ambalo siku hizi Retro-Bit huliuza kwa leseni ya Sega yenyewe. 8BitDo ya Shenzhen na Buffalo ya Japani nazo zimetengeneza pedi za USB zenye misalaba inayoheshimika, na kila moja ina waigaji wake sokoni wenye boksi linalokaribia kufanana.

Chini ya vitufe kuna mpira wa silikoni wenye vikuba vidogo, na ndani ya kila kikuba kidonge cheusi cha mpira uliochanganywa na kaboni. Ukibonyeza, kikuba kinavumilia, kisha kinabonyea ghafla; ule mshtuko mdogo unaousikia kwenye ncha ya dole ni kuta zake zikisalimu amri. Kidonge hugusa njia mbili kwenye bodi na kuziunganisha. Kaboni si shaba, ina ukinzani, lakini kidogo tu kulinganisha na kile kinachoishikilia njia ya kitufe kwenye umeme wakati hakijabonyezwa, na chipu huona tofauti. Miaka ikipita, mafuta ya ngozi na vumbi huingia katikati, ukinzani hupanda, hadi siku unapolazimika kukikandamiza kitufe. Pedi nyingi zinazotupwa kama mbovu zimefikwa na hilo tu. Pamba na spiriti ya isopropili kwenye bodi, na kufuta kidonge kwa upole, huzirudisha kazini. Msasa hapana: huondoa kaboni yenyewe.

Kwa hiyo napendelea pedi iliyofungwa kwa skrubu kuliko iliyogundishwa, na ningekubali kulipa zaidi kwa ajili hiyo. Igeuze uitazame mgongoni kabla ya kununua.

Waya wenyewe hufia shingoni, pale unapoingia kwenye pedi. Tafuta mkono wa mpira unaonyumbuka mahali hapo, si tundu kavu la plastiki linaloukata waya kila unapopinda. Urefu nao usidharauliwe. Nintendo ilipotoa mashine ndogo ya kumbukumbu mwaka 2016, waya wa pedi haukufika hata mita moja, na watu wazima wakajikuta wamekaa sakafuni karibu na runinga. Mita mbili zinatosha sebule nyingi; kwa mwendo wa chini wa USB, kanuni huishia mita 3.

Upande wa programu nitaupita haraka. Gemu nyingi mpya za Windows hutarajia pedi ijitambulishe kama ya Xbox. Programu zinazoigiza mashine za zamani, kama RetroArch, hupokea karibu kila kitu. Pedi yenye uwezo wa kubadili utambulisho, kwa kawaida kwa kushikilia kitufe fulani wakati wa kuichomeka, itakuondolea usumbufu.

Kwa aliyebaki na pedi ya zamani kabatini kuna njia nyingine, na naipenda kuliko zote. Raspberry Pi Pico, bodi ndogo iliyoanza kuuzwa Januari 2021 kwa dola 4, inaweza kuuliza maswali yaleyale ya mwaka 1983 kwenye nyaya zilezile tano, kisha kuyapeleka majibu kwenye USB ya mwendo kamili kila milisekunde 1. Pico hutumia volti 3.3, na chipu ya 4021 ya kawaida hufanya kazi kuanzia volti 3, kwa hiyo zinaelewana bila kifaa cha katikati. Tone jeusi la TV game halina hakikisho hilo. Lijaribu kwanza kwa volti 3.3, na ukilazimika kulipatia volti 5 usiunganishe data moja kwa moja kwenye Pico, kwa kuwa pini zake hazikuundwa kuhimili volti hizo. Angalia pia kwamba plagi ya pini tisa ya TV game inafanana kwa umbo na ya Atari na ya Sega huku nyaya zake zikiwa zimepangwa kivingine kabisa. Rangi za nyaya nazo hubadilika toka mtengenezaji mmoja hadi mwingine. Chukua mita, ifungue pedi, na uufuate kila waya hadi kwenye bodi kabla ya kuwasha umeme.